Shubiri za Mama Elia

Kule Lugoni, juu ya Bigwa, kwenye milima ya Uluguru, maji hayatangazwi kwa karatasi wala kwa kipaza sauti. Yanatangazwa kwa koo. Kila kunapopambazuka, kwa miaka kumi na tisa sasa, Skolastika, ambaye watu wote humwita Mama Elia, hupanda hadi kwenye tenki la kitongoji, hufunua kifuniko cha bati, huzamisha mwanzi wake mpaka ugote chini, kisha huutoa na kuupima kwa kiganja chake, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Shubiri moja, mbili, tatu, mpaka pale ulowevu unapoishia. Halafu husogea ukingoni mwa mlima na kuita.

"Maji, shubiri kumi. Shubiri kumi. Shubiri kumi."

Usidhani ni kelele tu. Kuita ng'ambo ya bonde ni kazi yenye mafunzo, na yeye alifunzwa na marehemu mama yake tangu akiwa binti wa kufukuza ndege shambani. Maneno yawe machache. Uyavute polepole. Sauti iwe moja, nyembamba, isipande wala kushuka. Na urudie, maana upepo ukila la kwanza, la pili litapita, na kama la pili limepotea, la tatu litafika. Mtu wa mjini akija Lugoni huanza kupayuka hadithi nzima kutoka kilima hiki hadi kile, na ng'ambo hawapati hata neno. Watoto humcheka mpaka basi.

Na ng'ambo, kule Lugoni ya Chini, wa kwanza kusikia alikuwa akijibu, "Tumesikia." Jirani yake akapokea, "Tumesikia." Neno likashuka hivyo nyumba kwa nyumba. Skola hakuwa na mshahara kwa kazi ile, zaidi ya kusamehewa zamu ya kuchimba mfereji. Lakini lile "tumesikia" la asubuhi, jamani, lilimshibisha. Alikuwa anashuka mlima akiwa mwepesi.

Mwaka huo, kuanzia Juni, Lugoni ya Chini waliacha kujibu.

Chanzo kilikuwa siku ya Jumapili. Maji ya Lugoni huenda kwa zamu, na zamu kubwa ya watu wa chini ni Jumapili. Skola alikuwa akipima kunapopambazuka na kuita, kisha anakwenda Misa kigangoni, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Akirudi, kwenye saa tano hivi, anapita kwenye chemba ya koki iliyo karibu na nyumbani kwake, anaingiza spana na kuwafungulia watu wa chini. Hakupanda tena tenkini mpaka jioni. Kwa nini apande, na asubuhi alishapima?

Lakini watu wa chini wakawa wanaambiwa shubiri kumi na moja, halafu mchana yanawafikia maji ya kunawia uso. Mchicha wa Mwanaasha ulikauka matuta manne mazima. Mwanaasha huyu ni mwanamke wa makamo, mkulima wa mboga anayeuza soko la Mawenzi, na mdomo wake haujui mapumziko. Alipanda mpaka nyumbani kwa Skola na kumwambia akiwa amesimama, bila hata kukaribia kigoda.

"Mama Elia, unaita kumi na moja, unatoa tano. Hizo nyingine zinakwenda kunywa wapi?"

"Mwanaasha, mimi nikifika jioni tenki liko chini. Nikajua mmeyatumia nyie."

"Tumeyatumia kwa mdomo gani?"

Basi kila mmoja akamwona mwenzake mwongo, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Hakuna ugomvi mbaya kama huo.

Aliyeutia petroli alikuwa Ignas, katibu wa kamati ya maji. Ignas ana viatu vinavyong'aa hata wakati wa tope, ana pikipiki, na akisimama kusema mikutanoni utafikiri amemeza redio. Yeye ndiye aliyewakumbusha watu kwamba mashamba yaliyo jirani na tenki ni ya ukoo wa Skola. Ni kweli, aliyarithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Hapo juu kuna kabichi zake, na kuna shamba la mjomba wake, mzee Alois, kaka wa marehemu mama yake.

"Mimi simtuhumu mtu," alisema Ignas. "Nauliza tu, hizo kabichi mbona zimenona?"

Kabichi zilikuwa zimenona kwa samadi ya mbuzi, lakini nani alitaka kusikia habari za mbuzi? Kamati ikaamua. Ofisi ya maji mjini ilikuwa inajaribu vifaa vipya vya kupimia matenki ya milimani, na kimoja kingeletwa Lugoni. Kifaa kingepima wiki mbili. Kama hesabu yake ingelingana na ya Mama Elia, basi, yaishe. Kama ingetofautiana, angeweka spana mezani mbele ya watu wote na kazi ingekwisha. Hakulala vizuri wiki hiyo. Spana ni chuma tu, wangeweza kuichukua. Kilichomuuma ni kwamba angeondoka kazini akiitwa mwizi wa maji, na jina hilo lingewakuta wanawe mpaka Elia aliyeko kazini Ngerengere.

Aliyekuja na kifaa ni injinia mmoja kijana, Shakila, mzaliwa wa Kingolwira, begi mgongoni na raba zimejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mlima."

Shakila akakitoa. Skola alitegemea mtambo. Akaona kiboksi cha kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na waya mweusi wenye kichwa cha chuma cha kuzamishwa majini. Hakina taa, hakina kitufe, hakilii. Ndani yake, Shakila alisema, mna laini kama ya simu.

"Hapo ndipo mtakwama," Skola akamwambia. "Simu hapa haishiki. Mpaka upande Jiwe la Simu, kule juu, na usimame upande mmoja kama kuku wa mvua."

Shakila akacheka. "Simu yako, mama, inataka barabara pana. Inabeba picha, video, mazungumzo. Hiki hakina mzigo. Kila baada ya saa moja kinasema namba moja tu, maji yamefika wapi. Kinaisema polepole, kwa njia nyembamba sana, kama kichochoro, na mnara usiposikia kinarudia, kinarudia, mpaka usikie. Ndiyo maana kinapenya hata kikiwa ndani ya tenki. Kikishasema, kinalala. Kwa hiyo betri yake ndogo hii inaweza kukaa miaka."

Skola alihesabu kwa vidole. "Maneno machache," akasema. "Yanavutwa. Sauti nyembamba. Na yanarudiwa."

"Hasa, mama."

"Mwanangu, hicho si kifaa kipya. Hicho kinaita kama mimi."

Wakakitundika kwa mkanda kwenye ndoano, chini ya kifuniko, waya ukining'inia mpaka sakafu ya tenki. Shakila alisema boliti za kukikaza angekuja nazo jaribio likikamilika. Kisha akaomba kiganja cha Skola, akakipima kwa utepe. Sentimita ishirini na moja kamili. Akaandika kwenye simu yake, shubiri moja ya Mama Elia, ishirini na moja. Skola alitazama mkono wake kama ndiyo kwanza anauona.

Mjomba Alois alikuwa pembeni akipalilia njegere zake, anasikiliza. Mzee huyu ana miaka sabini na minane na hapendi maneno. Kitu anachopenda kuliko vyote ni taa yake ya sola. Nyumba yake imezungukwa na migomba, jua haliingii, kwa hiyo kila siku yenye jua huibeba taa mpaka shambani na kuianika juu ya jiwe. Aliuliza swali moja tu.

"Kina taa hicho?"

"Hakina, babu," Shakila akamjibu.

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akarudi kwenye njegere.

Wiki mbili zikapita. Skola alipima kama kawaida, kunapopambazuka na jioni, na kila kipimo alikiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, vistari vya shubiri, na pembeni duara kama ni siku ya jua au wimbi kama ni siku ya ukungu. Hiyo ilikuwa tabia yake ya miaka, maana ukungu wa Uluguru huongeza maji kwenye chemchemi hata bila mvua. Aliita kila asubuhi. Ng'ambo kimya. Alikuwa akisubiri kidogo ukingoni, anajifanya anafunga khanga vizuri, halafu anashuka.

Jumamosi ya pili Shakila alirudi, na kamati ikaitisha watu kwenye uwanja wa shule. Uso wa yule binti ulikuwa hauna raha. Alisema asubuhi na jioni kifaa kinakubaliana na mwanzi wa Mama Elia kabisa. Lakini mchana, kuanzia saa nne mpaka saa tisa, kifaa kinasema tenki ni tupu. Sifuri. Karibu kila siku.

Uwanja ukavuma. Ignas hakuharakisha. Aliinuka, akakung'uta suruali.

"Ndugu zangu, mashine haina ukoo. Haina shangazi wala mjomba. Imesema. Asubuhi maji yapo, jioni yapo, mchana yanakwenda kutembea. Mama Elia, kwa heshima zote, lete spana."

Spana ilikuwa mapajani mwa Skola, aliishika kwa mikono miwili. Tenki zima likauke saa nne na lijae saa tisa? Chemchemi gani hiyo? Hata angekuwa mwizi, angeiba vipi na kurudisha? Lakini watu wakishapata mtu wa kumlaumu huwa hawana haja ya hesabu. Akainuka, akaenda kwa Shakila.

"Mwanangu, nionyeshe."

Kwenye simu palikuwa na mstari, unakwenda, unaporomoka, unakwenda, unapanda. Siku moja, siku ya pili, siku ya tatu. Skola alisoma mpaka darasa la saba, na tarehe anazijua. Akafuata kwa kidole.

"Jumanne hii mbona haijaporomoka?"

"Hiyo, na Jumatano yake," Shakila akasema. "Na hizi Jumapili mbili. Sijui kwa nini."

Jumanne na Jumatano. Skola aliona mlango wa jiko lake mbele ya macho, mkaa mweusi, wimbi, wimbi. Ilikuwa siku mbili za ukungu mzito, hata mbuzi hawakutoka. Kwa hiyo maji yanatoweka siku za jua tu, na Jumapili yanapumzika? Hapa Lugoni ni nani anayetoka na jua, anayejificha na ukungu, na Jumapili yuko Misa?

Loo. Akageuka taratibu.

"Mjomba, shikamoo."

Mzee Alois alikuwa ameketi nyuma kabisa, kofia magotini. "Marahaba."

"Taa yako, mjomba, huwa unaianika wapi?"

"Unapajua. Juu ya jiwe, pale tenkini."

"Unaianika peke yake?"

Mzee aliangalia kofia yake.

"Hapana," akasema. "Na kile kiboksi chako. Niliona hakina taa hata moja, nikajua chaji imekwisha. Nikasema kikifia mle gizani wewe ndiye utalaumiwa. Basi kila jua likitoka nakivuta na waya wake, nakilaza pale juani. Saa tisa nakirudisha. Sikukwambia, maana msaada si wa kutangaza."

Shakila akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikapasuka uwanja mzima, wa juu na wa chini pamoja, mpaka wengine wakajifuta machozi. Kumbe tenki halikukauka, ni kichwa cha waya kilichokuwa juu ya jiwe kikipima upepo. Mzee mwenyewe hakucheka. Aliuliza, "Lakini chaji iliingia?" na watu wakaanza upya.

Skola alicheka pia, na huku anacheka kidole chake kilikuwa bado juu ya simu, kwenye Jumapili. Jumapili mjomba yuko kigangoni, kifaa kiko majini siku nzima. Hizo ndizo zilikuwa siku safi. Na mstari wa Jumapili haukuporomoka mpaka sifuri, ni kweli, lakini ulikuwa unainama. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka karibu na saa tano ulishuka shubiri tano nzima, na saa hizo koki zote alizifunga yeye mwenyewe kabla ya kwenda Misa. Tenki lilitakiwa lijae, siyo lipungue. Jumapili ya pili, hivyohivyo.

Shakila aliliona pia, akafungua mdomo. Skola akafunika kioo kwa kidole gumba na kumtazama. Yule binti ana akili. Akafunga mdomo.

Ignas hakufurahia kicheko. "Kifaa kilichoanikwa kama dagaa hakithibitishi kitu," alisema. "Jaribio lianze upya. Na Jumamosi ijayo, kama hakuna uthibitisho, spana mezani."

"Sawa, katibu," Skola akasema.

Baada ya watu kutawanyika, Shakila alimwambia anaweza kukiagiza kifaa kiseme kila robo saa badala ya kila saa, Jumapili tu. Betri itaumia kidogo. "Na iumie," Skola akamjibu. Kisha akafanya jambo ambalo hata yeye lilimshangaza. Hakwenda kwa ndugu zake. Alishuka bonde, akapanda ng'ambo, akabisha hodi kwa Mwanaasha.

"Umekuja kuniomba nikujibu asubuhi?" Mwanaasha aliuliza kabla ya salamu.

"Sijaja kuomba jibu. Nimekuja kuomba Jumapili yako ya kesho. Mimi siendi Misa, na wewe Misa huna. Twende tukakae kwenye kibanda cha shamba la mjomba, pale tenkini, kuanzia saa mbili. Akija mwizi utamwona kwa macho yako. Asipokuja, nitakupa spana wewe mwenyewe, mkononi, usingoje mkutano."

Mwanaasha alimtazama kutoka juu mpaka chini. Alikuwa anatafuta hila, na hakuiona.

"Nitakuja na chai," akasema. "Ya kwako siiamini."

Jumapili hiyo kulikuwa na jua. Skola alipima, shubiri kumi na moja, akaita, hakuna aliyejibu, akafunga koki zote. Watu wakaondoka kwenda kigangoni, na mjomba naye, amevaa koti lake la Pasaka, amekatazwa mara tatu asiguse kiboksi. Wanawake wawili wakaingia kwenye kibanda cha mzee, katikati ya majembe na magunia. Kengele ya kigango ilipolia kwa mbali Skola alishika rozari mfukoni na kuona aibu. Kwa miaka mingi hakuwa amekosa Jumapili hata moja, labda ile aliyojifungua. Mwanaasha alimmiminia chai. Ilikuwa na tangawizi, na ilikuwa nzuri, na ilimuuma kukiri.

Saa tatu kasoro walisikia viatu. Kwenye upenyo wa mbao wakaona mtu anakuja na mpira wa maji umezungushwa begani. Mtu huyu kila mtu alijua kwamba Jumapili anasali Misa ya pili, mjini, kwa kuwa ana pikipiki. Ignas aliweka mpira chini, akainama nyuma ya tenki kwenye bomba la kutolea tope, ambalo hufunguliwa mara moja kwa mwaka, akafungua kizibo kwa ufunguo wake mwenyewe, akachomeka mpira. Ncha ya pili akaiburura kuzunguka ubavu wa kilima, ikashuka kwenye shamba lake la karoti. Akaketi juu ya jiwe la mjomba, akatoa karanga.

Damu ilimpanda Skola mpaka masikioni. Miezi mitano. Miezi mitano ya kimya cha asubuhi, ya wanawake kumpisha njiani kama mgonjwa, na huyu mtu anatafuna karanga. Alitaka kutoka na jembe. Mwanaasha alimshika mkono, akaangalia saa ya simu yake, akangoja. Wakangoja nusu saa nzima, ili kile kiboksi kiseme mara mbili. Kisha Mwanaasha akaufungua mlango na kutoka polepole, kikombe mkononi.

"Katibu, za asubuhi? Naona leo Misa ya pili imekwisha mapema."

Ignas aliruka, karanga zikamwagika. Akamwona Mwanaasha, akamwona Skola nyuma yake, akautazama mpira.

"Nasafisha tenki," akasema. "Tope limejaa."

"Na hilo tope unalipeleka kwenye karoti?"

Redio ikazimika. Skola hakumtukana, ingawa maneno alikuwa nayo tele. Alichukua mwanzi wake, akauzamisha mbele yao, akaupima kwa kiganja, shubiri kwa shubiri. Tisa, na vidole vitatu.

"Nimeita kumi na moja asubuhi," akasema. "Mwanaasha, ulinisikia?"

"Nilikusikia," Mwanaasha akasema kwa sauti ndogo. "Siku zote nilikuwa nakusikia."

Mwanaasha akainama mwenyewe na kurudisha kizibo.

Mchana ule, watu walipotoka Misa, hawakwenda makwao. Mwanaasha alisimama uwanja wa shule na kuwasimulia, na safari hii ule mdomo usiopumzika ulikuwa neema tupu. Skola alikuwa amepanda Jiwe la Simu na kumpigia Shakila, na yule binti akapanda kwa bodaboda, simu imejaa namba. Akazisoma mbele ya wote. Saa tatu kasoro robo, mia mbili thelathini na moja. Saa tatu, namba ileile. Saa tatu na robo, mia mbili kumi na tatu. Saa tatu na nusu, mia na tisini na tano. Saa nne kasoro robo, mia na tisini na tano na haijashuka tena. Kisha akaigawa ile ya asubuhi kwa kiganja cha Mama Elia. Kumi na moja kamili. Akaigawa ile ya mwisho. Tisa, na vidole vitatu.

"Nimepima matenki mengi," Shakila alisema. "Sijaona mwanzi unaolingana na kifaa namna hii."

Ignas hakubisha. Karoti zilikuwa zimelowa na watu walikuwa na macho. Alivuliwa ukatibu hapohapo, akaamriwa achimbe mfereji wa Lugoni ya Chini kwa zamu sita, na kwa mara ya kwanza viatu vyake havikuwa na la kufanya. Ukatibu akapewa Mwanaasha, ambaye alijifanya anakataa kwa muda usiozidi dakika moja. Mzee Alois alikabidhiwa boliti nne akikaze kiboksi kwa mkono wake, naye alikikaza mpaka Shakila akamwomba aache.

Spana ilikuwa bado mapajani mwa Skola. Hakuna aliyeiomba.

Lakini mkutano ni mkutano, watu husema mengi wakiwa wamekusanyika. Jumatatu kulipopambazuka alipanda mlima. Akafunua kifuniko. Kiboksi kilikuwa pale, kimya, hakina taa, kimeshasema chake na kulala. Akazamisha mwanzi, akapima. Kumi na moja. Akasogea ukingoni, akaweka mikono mdomoni.

"Maji, shubiri kumi na moja. Shubiri kumi na moja. Shubiri kumi na moja."

Bonde lilikuwa limejaa ukungu, hakuona hata paa moja. Akaanza kufunga khanga, kama alivyozoea.

"Tumesikia."

Ilikuwa sauti ya Mwanaasha, nyembamba, imevutwa vizuri, mtu asingeamini ni mdomo uleule. Na kabla haijafifia ikapokewa na nyingine, "Tumesikia," na nyingine chini yake, na nyingine, sauti za wanawake, za wazee, za watoto waliotumwa kuni, zikishuka ndani ya ukungu nyumba kwa nyumba mpaka zikafika mahali ambapo hazikuwahi kufika, kwenye nyumba za mwanzo za Bigwa, ambako hawana hata haki ya maji yale.

Skola alilia. Aliwaacha wamalize wote, mpaka wa mwisho kabisa. Kisha akajipangusa kwa ncha ya khanga, akaitweka spana begani, akashuka kwenda kuwafungulia.